Uzi Kwenye Hatamu ya Dulcie

Huku kwetu Warrandee mtu akitaka kumsifu farasi hasemi ana mbio, wala hasemi ana sura. Husema, "Huyu ana mdomo wa Clem." Maana yake farasi huyo amefunzwa na Clem Rudduck, na ukiinua kidole kimoja tu kwenye hatamu, yeye ameshageuka kabla chuma cha lijamu hakijamgusa ufizi. Wapo waliodai kwamba farasi wa Clem wanasoma mawazo. Huo ni uongo wa baa, lakini Clem hakuukanusha hata siku moja.

Alikuwa mtu mfupi, miguu imepinda kwa kukaa kwenye tandiko tangu utotoni, masikio makubwa yaliyoungua jua, na mkaidi kupita kiasi. Mkewe, Thelma, alisema kuna nyumbu wanaoelewa maneno haraka kuliko mumewe. Ukaidi wake ulikuwa juu ya jambo moja hasa: farasi hatoki mikononi mwake mpaka amekaa naye majira mawili ya baridi. Baridi ya kwanza ni ya kumzoesha tandiko na uzito wa mtu. Halafu kiangazi kizima anaachiwa kondeni ale, akue, asahau maudhi ya shule. Baridi ya pili ni ya mdomo. Ukija mapema na noti zako mfukoni, Clem anakukaribisha chai, unakula keki ya boga ya Thelma, na unarudi kwako na noti zako. Bati la nyumba yao lilivuja miaka yote kwa sababu ya kanuni hiyo, na Thelma alilijua hilo vizuri kwani ndiye aliyekuwa akitega ndoo.

Tena kulikuwa na mambo ya uzi. Siku ya kumuuza farasi, Clem alizifungua hatamu za ngozi kutoka kwenye pete za lijamu, akaziunga tena kwa uzi wa kushonea, uzi mwembamba wa pamba kutoka kwenye kopo la Thelma, kipande kifupi kila upande. Akampanda farasi mbele ya mnunuzi. Akaenda mbio, akasimama ghafla, akazunguka kushoto, akazunguka kulia, akarudi nyuma. Akishuka, uzi mzima. Kisha alimpa mnunuzi naye apande kwa uzi uleule. Hapo ndipo watu walipotoa macho, maana farasi alimsikiliza mgeni vilevile kama alivyomsikiliza Clem. Wauzaji wengine walijaribu kumwiga, wakaishia kuchekwa, na mmoja alivunjika bega.

Mtoto wao wa pekee, Leonie, alijifunza kazi hiyo kwa baba yake, kisha akaenda kuishi Banoona, mwendo wa saa mbili kwa lori, akaanza kufunza farasi kwa namna yake. Wiki sita, na farasi kauzwa. Wenye mashamba makubwa walimpenda, kwa kuwa walitaka farasi wa kazi na hawakuwa na muda wa kusubiri baridi mbili. Clem aliona haya kana kwamba binti yake anaiba. Mwaka mmoja kwenye maonyesho ya wilaya, akiwa amezungukwa na watu, alisema, "Leonie anauza unga, na watu wanadhani wamenunua mkate." Watu walicheka sana. Leonie alikuwa nyuma yake na vikombe viwili vya chai, kimoja chake, kimoja cha baba yake. Alivimwaga vyote chini. Tangu hapo alikuja nyumbani siku ya Krismasi tu, akala, akaosha vyombo, akaondoka.

Sasa mkono. Ulianza mkono wa kushoto, na huku kwetu mkono wa kushoto ndio mkono wa hatamu. Kidole gumba kikawa kinasugua kile cha shahada, polepole, kana kwamba anasokota sigara isiyokuwepo. Clem alisema ni baridi. Baridi ikapita, akasema ni kule kuanguka alikoanguka zamani. Mwishowe hakusema kitu, akawa anautia mkono mfukoni kila penye watu. Aliamini hakuna aliyejua. Thelma aliacha kumjazia kikombe mpaka juu, akaanza kumfunga vifungo vya shati kila asubuhi na kumfungua jioni, akisingizia kwamba Clem anavivuta mpaka vinakatika. Hawakuzungumza habari hiyo. Watu waliooana miaka mingi wanaweza kukaa kimya juu ya jambo moja mpaka likawa kama kiti cha tatu mezani.

Dulcie alizaliwa na farasi jike wao wa mwisho, ambaye alikufa mwaka uleule. Alikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, bila alama yoyote isipokuwa unywele mweupe kidogo katikati ya paji, na macho ya kudadisi. Clem alipomwona anasimama mara ya kwanza, miguu ikimpiga chenga, alimwambia Thelma, "Huyu ndiye wa mwisho. Nikimaliza na huyu, basi." Alitaka farasi wa mwisho awe ndiye bora kuliko wote, ili watu wakilitaja jina lake wasiwe na la kuongeza. Hakutaka kitu kingine duniani. Na mnunuzi alishapatikana: Ross Pengelly, mfugaji wa ng'ombe mwenye mdomo mpana na moyo mzuri, ambaye kwa farasi wa Clem alishinda mara kadhaa yale mashindano yetu ya kumtenga ng'ombe mmoja kundini na kumkimbiza kuzunguka vigingi.

Baridi mbili zikaisha. Ross akaja Jumapili moja, upepo wa magharibi umetulia na nzi wameanza kurudi. Thelma alitoka na kopo lake. Zamani Clem aliufunga uzi mwenyewe. Siku hiyo Thelma alimpokonya hatamu akasema, "Niachie, macho yangu yanataka mazoezi," akafunga mafundo mawili madogo kwenye pete, haraka, huku Ross anatafuta kofia yake garini.

Clem akampanda Dulcie. Aliyeona siku ile hatasahau. Dulcie aliondoka kama maji yanavyoondoka kwenye bomba, akasimama pale Clem alipotaka asimame, akageuka juu ya miguu ya nyuma bila kutikisa vumbi zaidi ya lazima. Uzi mzima. Ross alipiga mluzi.

"Mzee, umetuficha! Huyu si farasi, huyu ni uchawi. Shuka, shuka, nami nionje."

Ross akapanda. Dulcie alitembea vizuri, masikio mbele. Ross akainua mkono wa hatamu kidogo kwenda kushoto, kwa upole wa mtu aliyezoea farasi wa Clem. Dulcie akaendelea mbele. Akainua tena. Dulcie hakuonyesha hata kwamba kaguswa. Ross akavuta, uzi ukakatika upande mmoja, akavuta mwingine, nao ukakatika, akabaki ameshika hatamu hewani kama mtu anayeendesha gari lisilo na usukani. Dulcie alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mbao za zizi alikosimama Clem, akasimama, akaweka pua yake kwenye shati la Clem.

Ross alicheka mpaka akashika mbavu. "Thel! Umeletewa mke mwenza na wewe huna habari!"

Thelma alicheka kidogo. Clem hakucheka. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Usikasirike, mzee," Ross akasema akishuka. "Bado mbichi, basi. Mpe baridi nyingine. Mimi sina haraka, na wewe ndiye uliyetufundisha kutokuwa na haraka."

Alinyoosha mkono waagane. Clem alimpa wa kulia na ule wa kushoto akauacha mfukoni.

Kosa alilofanya Clem baada ya hapo ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Muuza farasi wa kawaida angesema labda farasi ana kichwa kigumu, au lijamu halimfai, akamuuza na kusahau. Lakini Clem aliamini toka moyoni kwamba farasi haharibiki kwa kufundishwa sana, anaharibika kwa kufundishwa kidogo. Kwa hiyo akamfundisha zaidi. Hakumwachia kondeni kiangazi kile. Alimpanda kabla jua halijapanda na jioni likishuka, siku baada ya siku, nzi wanamla usoni, kando ya mto uliobaki madimbwi. Na kila wiki Dulcie alizidi kuwa bora. Ilifika mahali Clem akitazama mti, Dulcie anakwenda kwenye mti huo. Akishusha pumzi, Dulcie anasimama.

Na ukweli usemwe, alikuwa na furaha. Mezani kijiko kilimwaga supu, kwenye baa alikunywa kwa mkono mmoja, kunyoa ndevu kuligeuka vita. Juu ya Dulcie hakuna kilichomwagika. Pale tu, katika dunia nzima, mkono wake haukuwa na maana. Alikaa juu ya mgongo ule mpana wenye joto akajiona ni Clem Rudduck yuleyule. Mtu atamlaumu vipi?

Siku ya kuzaliwa ya Thelma, majani ya kiangazi yamekauka na asubuhi zimeanza kuuma, lori la Leonie likaingia uani. Haikuwa Krismasi. Clem akamtazama mkewe.

"Nimempigia simu," Thelma akasema. "Siku yangu. Namwalika nimtakaye."

Walikula nyama ya chumvi na viazi. Baadaye Leonie akatoka kwenda zizini, kwa kuwa mtu wa farasi hawezi kukaa nyumba yenye farasi asimwone. Alimtazama Dulcie kwa muda, akauliza bila kugeuka, "Naweza?"

Clem alitaka kusema hapana. Akasema, "Mpande. Utaona mkate unavyokuwa."

Leonie akaukaza mkanda wa tandiko. Akapanda. Hakuwa na uzi, alikuwa na hatamu za ngozi. Alimwendesha hatua chache, akamwomba ageuke, akamwomba asimame, kwa hatamu nyepesi, kisha nzito. Halafu akafanya kitu cha ajabu: akaanza kuutikisa mkono wake wa kushoto makusudi, mtikisiko mdogo usiokoma, hatamu zikitetemeka. Dulcie alishusha shingo, masikio yakalegea. Alitulia kama mtoto aliyesikia wimbo wa nyumbani.

Leonie akashuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba, huyu farasi hana kosa lolote."

"Najua hana kosa. Hajaiva tu. Nikimpa baridi hii—"

"Ukimpa baridi hii utamwua." Alisema kwa sauti ya chini. "Hasikii mdomo, Baba. Kila siku tangu umwekee lijamu, chuma kinamtetemekea mdomoni, na hakina maana yoyote. Afanyeje? Kajifunza kutokisikiliza. Anakusikiliza mapaja, anakusikiliza pumzi. Kajifunza vizuri kabisa alichofundishwa."

"Nani kamfundisha hivyo?"

 Leonie aliutazama mfuko wa suruali ya baba yake.

"Umekuja kunifundisha kazi?" Clem akafoka. "Wewe? Wa wiki sita? Unakuja uani kwangu, siku ya mama yako, kuniambia mimi sijui mdomo wa farasi? Nenda kauze unga wako!"

"Clem," Thelma akaita kutoka barazani.

"Na wewe ulijua?"

Thelma alishuka ngazi, akafuta mikono kwenye aproni. "Nani anakufunga vifungo?" akauliza.

Clem akawapa kisogo wote wawili. Waliingia ndani wakamwacha, maana walimjua. Alisimama pale akiwa amekasirika mpaka hasira ikamwishia, na ilipoisha akabaki na neno la Leonie, nalo halikutaka kuondoka. Mwishowe akafanya jaribio, kwa sababu pamoja na ukaidi wake wote alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi hujaribu. Akampanda Dulcie. Akazifunga hatamu fundo, akaziacha shingoni mwa farasi, zikalegea kabisa. Mkono wa kushoto akautia mfukoni.

Kisha akamwomba Dulcie kila kitu. Mbio, kusimama, kushoto, kulia, kurudi nyuma. Dulcie alifanya vyote, bila kosa hata moja, hatamu zikining'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Siku nyingine angejivuna. Siku hiyo alielewa kwamba kwa majira yote yale hajamfundisha mdomo hata siku moja. Alikuwa ameshika hatamu kama mtu anayeshika jani la mti akidhani ndiye anayeuendesha upepo. Aliinama, akaweka paji lake kwenye manyoya ya shingo, akalia. Alilia kwa sauti, na nyumbani walisikia, na Thelma alimshika Leonie mkono asitoke.

Alipoingia jikoni macho yalikuwa makavu. Akaketi. Thelma akamwekea chai, nusu kikombe.

"Mbakishe," Thelma akasema. "Wa nini kumuuza? Mnapatana. Mpande wewe mpaka basi."

"Mpaka lini, Thel?"

Thelma akapangusa meza.

"Mwaka? Miwili?" Clem aliutoa mkono mfukoni akauweka mezani, mara ya kwanza mbele yao, nao ukaanza kusokota sigara yake isiyokuwepo. Kijiko kikalia kwenye sahani. "Siku nitakaposhindwa kupanda, yeye atakuwa farasi wa miaka saba asiyepandika na mtu. Mnajua nani ananunua farasi kama huyo."

Walijua. Sote tunalijua lile lori linalopita mashambani kukusanya farasi wasiofaa, na kiwanda cha chakula cha mbwa linakokwenda.

"Mchukue," akamwambia Leonie.

"Kwa muda gani?"

"Wewe ndiye utakayejua."

"Nikikwambia wiki sita?"

 Clem alikisogeza kikombe chake. "Basi ni wiki sita," akasema. Halafu: "Lile neno nililosema kwenye maonyesho—"

"Kunywa chai, Baba."

"Nilitaka kusema tu—"

"Najua. Kunywa chai, inapoa." Leonie alikuwa akiangalia dirishani. "Kuna jambo moja. Usije kumwona. Akisikia sauti yako ataacha kunisikiliza mimi, atakutafuta wewe. Atabidi akusahau, Baba. Bila hivyo haitawezekana."

Clem alitikisa kichwa kukubali. Alimpakia mwenyewe kwenye lori. Dulcie alipanda bila kusitasita, kwa kuwa Clem alikwenda mbele yake. Kisha Clem akashuka kwa mlango mdogo wa pembeni, na Leonie akaufunga.

Ile ilikuwa baridi ya kwanza zizi lake kuwa tupu. Watu walipita barabarani wakatazama, wakajifanya hawakutazama. Thelma alimpeleka kwa daktari mjini, na daktari akaupa ugonjwa jina, akampa vidonge, akamwambia kwa heshima kwamba vidonge husaidia lakini haviponyi. Asubuhi Clem aliamka saa ileile ya zamani, akavaa buti, akatoka mpaka zizini, akashika mbao, akarudi. Tandiko alilipaka mafuta mpaka Thelma akamwambia ataliyeyusha.

Leonie alipiga simu kila Jumapili. Clem aliuliza jambo moja tu: "Anakula?"

"Anakula."

Wiki sita zikapita. Jumapili ile Leonie alisema, "Amenishinda, Baba, kwa muda huo. Bado mbichi. Nampa baridi nzima." Clem alijibu kwamba ni sawa. Alipokata simu alisimama ukutani kwa muda, na Thelma hakujua kama anacheka au anafanya nini.

Lori likarudi upepo wa magharibi ulipotulia. Dulcie alishuka amenenepa, manyoya ya baridi yameanza kumtoka. Aliinua kichwa akanusa uani, akamwona Clem karibu na lango, akanguruma kwa pua kidogo, sauti ile ndogo ambayo farasi huitoa kwa mtu anayemjua. Clem hakumsogelea. Alikuwa amekatazwa.

Thelma alileta kopo. Leonie aliunga hatamu kwa uzi, akapanda. Hakufanya mbwembwe. Alikwenda, akasimama, akageuka huku na huku, akarudi nyuma. Uzi mzima. Akaja mpaka kwenye mbao.

"Haya," akasema. "Unaonaje? Inatosha?"

Clem aliangalia farasi, akaangalia uzi. Alitaka kusema inatosha. Lakini maisha yake yote hakuwahi kujua farasi kwa macho. Alijua kwa mkono, na aliyepanda sasa hivi angeweza kuwa amempata Dulcie kwa mapaja na pumzi, kama yeye alivyompata. Ndivyo alivyodanganyika mwanzo.

"Nishikie hapo," akasema, akaanza kupanda mbao za zizi ili afikie tandiko.

"Baba, hapana."

"Mara moja. Nitajua."

Leonie alishuka akamwachia. Clem akakaa. Mgongo ulikuwa uleule, joto lilelile, na kwa muda mfupi sana alijisikia amefika nyumbani. Kisha akashika hatamu kwa mkono wa kushoto.

Dulcie akageuka kushoto. Papo hapo akageuka kulia. Akarudi nyuma hatua, akasimama, akaenda mbele nusu, akageuka tena kushoto. Masikio yalimzunguka huku na kule. Mkono wa Clem ulikuwa unamwambia mambo mengi kwa wakati mmoja, nao haukunyamaza, na Dulcie alijitahidi kuyatii yote, kila mtikisiko, kila jambo dogo, kama mtoto mwema anayeagizwa na watu kumi. Clem alibana mapaja, alishusha pumzi. Dulcie hakuyasikia hayo tena. Alisikia mdomo tu. Jasho lilianza kumtoka shingoni, alihema, na uzi haukukatika, kwa sababu alikuwa mwepesi hata hakuuacha ukazwe.

Clem aliziachia hatamu zikaanguka shingoni. Dulcie akasimama palepale, akitetemeka.

"Nishusheni," Clem akasema.

Leonie akamshika kiuno akamteremsha. Alisimama kwa shida kidogo, akafuta uso kwa mkono wa shati, asijali ni mkono upi.

"Ameiva," akamwambia binti yake. "Katika wote niliowahi kuwafunza, hakuna aliyekuwa na mdomo kama huu. Mpigieni Ross simu." Akaugusa uzi kwenye pete. "Na akiuliza ni mdomo wa nani, mwambieni wa Leonie."

 Leonie akageuka akajifanya anatafuta kamba.

Clem alikwenda ubavuni kwa Dulcie kumvua tandiko, kama alivyozoea kumvua kila farasi aliyempanda. Akaushika mkanda wa tumboni kwa mkono wa kulia, akaleta wa kushoto kwenye bizimu ya chuma. Ulimi wa bizimu ulimponyoka. Akajaribu tena, ukamponyoka. Dulcie aligeuza shingo akamtazama, akangoja, akiwa ametulia sasa kwa kuwa hapakuwa na mtu juu yake.

Thelma alikuja akasimama kando yake. Akausogeza mkono wa mumewe taratibu, akaufungua mkanda kwa vidole viwili, kama anavyomfungua vifungo vya shati kila jioni, na Clem akauacha ule mkono wake wazi hewani, ukitikisika mbele ya binti yake na mbele ya farasi, mpaka Thelma alipomaliza.